Shahidi Si Tabibu: Tuielewe Protini ya Saratani

Ndugu msomaji, hivi karibuni alifika katika ofisi ya tawi letu mvuvi mmoja, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Baada ya kusalimiana na kuulizana hali za nyumbani, aliikunjua karatasi ile juu ya meza akasema: "Ndugu Katibu, nimekuja unitilie mhuri. Nataka kuchangisha."

Karatasi yenyewe ilikuwa ni tangazo la biashara kutoka nchi za nje. Jirani yake anayejua Kiingereza alikwisha kumfasiria maneno machache: protini ya binadamu, ya uvimbe wa saratani, safi, iliyotengenezwa kwa ufundi wa kisasa. Chini yake iliandikwa bei kwa dola. Dada yake mvuvi huyo, mama wa watoto wanne, alikuwa na miezi mitatu ya shida ya kumeza. Kwanza ulimkwama muhogo, kisha wali, na sasa hata uji ulikuwa ukimpita kwa tabu. Mtaani ilikwisha kusemwa kuwa ni saratani, ingawa hakuna daktari aliyesema hivyo, kwani mgonjwa alikuwa bado hajafikishwa hospitali. Kaka mtu alikuwa tayari kuuza mashua yake, na kilichopungua alitaka kukiomba kwa wananchi wenzake.

Katika karatasi ile, kwa herufi ndogo kuliko zote, palikuwa na maneno ambayo jirani hakuyafasiri: kwa matumizi ya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Sikutia mhuri siku ile. Nilimwomba ndugu yetu arudi kesho yake, nami nikaenda kuwauliza wenye kujua, kwani tangu chuoni tulifundishwa kwamba si aibu kutojua, aibu ni kutouliza. Makala haya ni matunda ya kuuliza huko. Nayaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wananchi wasije wakauza mashua ili kununua kitu kisichotibu. Ya pili, viongozi wetu wasije wakadhani kwamba kitu kisichotibu hakina faida kwa taifa.

ADUI WA NJE NA ADUI WA NDANI

Mwili wa binadamu una jeshi lake. Seli nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana zikikagua kila kinachoingia. Kirusi au bakteria akivamia, jeshi hilo humtambua kwa sura yake, yaani kwa protini zilizo juu ya mwili wake ambazo si zetu. Protini au kitu chochote kinacholifanya jeshi la kinga litambue na kushambulia huitwa antijeni. Chanjo nyingi tunazozijua zimejengwa juu ya msingi huo: mwili huoneshwa sura ya adui mapema, ili siku atakapokuja asiukute umelala.

Saratani, hata hivyo, si mvamizi aliyetoka ng'ambo. Ni seli yetu wenyewe iliyoasi, ikakataa nidhamu ya kukua na kufa kwa wakati wake, ikazaana bila ya mpaka. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa maradhi haya usemi huo ni kweli tupu. Jeshi la kinga limefunzwa tangu uchanga lisiwashambulie raia wake. Je, litamjuaje raia aliyegeuka kuwa msaliti, naye bado amevaa nguo zile zile?

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama jambo hilo linawezekana. Jawabu lilianza kupatikana mwaka 1991 mjini Brussels, Ubelgiji, ambako Thierry Boon na wenzake katika Taasisi ya Ludwig walitangaza jeni waliyoiita MAGE. Walikuwa wamechunguza seli nyeupe za mgonjwa wa melanoma, ile saratani kali ya ngozi, wakaona kwamba seli zake mwenyewe ziliweza kuutambua uvimbe wake mwenyewe. Msaliti, basi, alikuwa na alama.

DAMU YA MGONJWA YATOA USHAHIDI

Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1995, kundi la wataalamu wa Ujerumani wakiwemo Ugur Sahin na Michael Pfreundschuh lilileta njia nyepesi zaidi ya kuzitafuta alama hizo. Walizitoa jeni zinazofanya kazi ndani ya uvimbe, wakazipandikiza katika bakteria, kila bakteria akawa anatengeneza protini moja kati ya protini za uvimbe ule. Kisha wakachukua majimaji ya damu ya mgonjwa huyo huyo na kuyamimina juu ya bakteria hao. Pale ambapo kingamwili za mgonjwa ziliishika protini fulani, walijua kwamba hiyo ndiyo ambayo mwili wake ulikwisha kuitilia shaka. Ni sawa na gwaride la utambulisho katika kituo cha polisi: watuhumiwa hupangwa mstari, na aliyetendewa uovu hupita na kumgusa aliyemtenda. Huyo Sahin ndiye ambaye mwaka 2008 alishiriki kuanzisha kampuni ya BioNTech, iliyokuja kujulikana duniani kote wakati wa maradhi ya Korona.

Kwa kutumia njia hiyo hiyo, mwaka 1997 mjini New York, Yao-Tseng Chen, Lloyd Old na wenzao waliipata protini iliyopewa jina la NY-ESO-1. Herufi mbili za kwanza ni za mji wa New York. Tatu zinazofuata ni za umio, ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa kuwa mgonjwa aliyetoa uvimbe ule alikuwa na saratani ya umio. Na hiyo ndiyo protini iliyokuwa katika karatasi ya mvuvi wetu.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Saratani ya umio ina ukanda wake hapa Afrika, unaoanzia Ethiopia na kuteremka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika ya Kusini. Protini iliyopatikana New York, basi, ilitoka katika maradhi ambayo ndugu zetu wa ukanda huu wanayajua kwa majonzi.

NY-ESO-1 ni protini ndogo, mnyororo wa asidi amino 180 tu. Jeni yake imo katika kila seli ya mwili wetu, lakini kwa mtu mzima aliye salama imefungwa kama chumba kilichotiwa kufuli, isipokuwa zaidi katika korodani. Seli ya saratani inapoasi huvunja makufuli mengi, na wakati mwingine chumba hiki nacho hufunguka. Ndiyo maana protini hii huonekana katika baadhi ya melanoma, na baadhi ya saratani za mapafu, za mfuko wa mayai ya uzazi na za umio. Nasema baadhi, kwa sababu si kila mgonjwa anayo.

KIWANDA CHA BAKTERIA

Huenda msomaji akauliza: protini ya binadamu inauzwaje ndani ya kichupa? Je, hukamuliwa kutoka kwa wagonjwa? La, hasha. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer wa Marekani walionesha kwamba kipande cha jeni kinaweza kuunganishwa na jeni nyingine na kutiwa ndani ya bakteria, naye akakirithisha kwa vizazi vyake. Mwaka 1978 ufundi huo ulitumika kuitengeneza insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa wa kisukari huko Marekani.

Protini ya saratani hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Jeni yake hunakiliwa, ikaunganishwa katika kipete kidogo cha jeni kiitwacho plasmidi, na kipete kikatiwa ndani ya bakteria Escherichia coli, ambaye jamaa zake wanaishi matumboni mwetu. Bakteria hao huoteshwa katika mchuzi wenye lishe, kisha huamrishwa kwa kemikali waanze kuisoma jeni ile ngeni. Watengenezaji huwa wamekwisha kuongeza mwishoni mwa protini mkia mfupi wa asidi amino iitwayo histidini. Bakteria wanapopasuliwa, mchanganyiko wote hupitishwa juu ya chembe zenye madini ya nikeli. Mkia ule hunasa, na takataka nyingine zikaoshwa zikaenda zake. Kinachobaki husafishwa, hupimwa, na kuhifadhiwa katika baridi kali. Kichupa kimoja aghalabu huwa na mikrogramu 100 hivi, uzito wa chembe mbili za chumvi.

Faida yake ni ipi? Kichupa kile ni shahidi na ni kipimo. Mtafiti huipaka protini juu ya sahani ya maabara, akamimina majimaji ya damu ya mgonjwa, akaona kama kuna kingamwili zinazoishika. Aidha, huweza kuzijaribu seli nyeupe ili ajue zipi zinaitambua saratani na zipi hazina habari. Huweza pia kupima kama chanjo inayojaribiwa imeliamsha jeshi la kinga au la. Bila ya kipimo kilicho sawa kila mahali, mtaalamu wa Tokyo na mtaalamu wa Nairobi hawataweza kulinganisha matokeo yao, kama vile wauza samaki wawili wasivyoweza kulinganisha hesabu ikiwa kila mmoja ana mizani yake.

Lakini shahidi si tabibu. Anaweza kumtaja mhalifu mahakamani, hawezi kumfunga. Wala ushahidi wake haukamiliki peke yake, kwani wagonjwa wengi wa saratani hawana kingamwili za protini hii. Kutoonekana kwake katika damu hakumaanishi kwamba mtu ni mzima.

SOMO LA WAGONJWA 2,272

Patakuwepo wenye kusema: kama chanjo ya kirusi hutengenezwa kwa protini ya kirusi, kwa nini chanjo ya saratani isitengenezwe kwa protini ya saratani? Ni swali la haki, na wataalamu wenyewe waliliuliza. Kampuni ya GlaxoSmithKline ilitengeneza chanjo kwa protini ya MAGE-A3, iliyo katika ukoo wa ile ya Brussels. Kati ya mwaka 2007 na 2012 walipimwa wagonjwa 13,849 wa saratani ya mapafu ambao walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Kati yao, 4,210 walikutwa na alama hiyo katika uvimbe wao. Hatimaye wagonjwa 2,272 walichomwa sindano: wengine chanjo yenyewe, wengine sindano tupu isiyo na dawa, pasipo wao kujua nani amepata ipi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014 na kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 2016. Katika kundi la chanjo, nusu ya wagonjwa walipitisha miezi 60.5 bila ya maradhi kurejea wala mauti kuwafika. Katika kundi la sindano tupu, miezi 57.9. Tofauti hiyo, kwa hesabu za wataalamu, haikutosha kuthibitisha faida yoyote. Kazi ikasimamishwa.

Napenda ndugu msomaji alitafakari jambo hili. Fedha nyingi zilitumika, miaka ikapita, matumaini ya maelfu yakawekwa hapo, na mwisho wake watu wakasimama hadharani wakasema: haikufaa. Wale wasemao kwamba sayansi ni maneno ya majivuno ya wakubwa hawajaiona sura yake hii. Na sisi katika Chama na Serikali tuna la kujifunza: mradi unaposhindwa, ripoti ya kushindwa ina manufaa kwa taifa kuliko ripoti ya kusifu. Ikiwa protini iliyosimamiwa na madaktari, ikachanganywa na viamsha kinga, ikajaribiwa kwa watu 2,272, haikuweza kuizuia saratani, itakuwaje kichupa cha chembe mbili za chumvi kilichonunuliwa kwa tangazo, bila ya daktari, kimtibu mama wa watoto wanne?

PALE AMBAPO UFUNDI HUU UMETUFAA

Hata hivyo, tusije tukatupa mtoto pamoja na maji ya kumwogeshea. Ufundi huu wa kuunda protini umekwisha kuokoa watu wengi dhidi ya saratani, ila kwa kupitia mlango mwingine. Kirusi cha homa ya ini aina ya B husababisha saratani ya ini. Mwaka 1986 iliruhusiwa huko Marekani chanjo yake iliyotengenezwa kwa protini ya kirusi hicho ndani ya hamira. Kirusi cha HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo yake nayo ni protini ya kirusi iliyoundwa maabara. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia katika dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hapa adui ni wa nje, sura yake ni ngeni, na jeshi la mwili halisiti. Mzazi anayemficha binti yake siku wauguzi wanapofika skuli, kisha akauza shamba kutafuta dawa ya saratani, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kwa upande wa adui wa ndani pia, kazi ya miaka thelathini haikupotea. Mwezi wa Agosti 2024 Marekani iliidhinisha tiba ambayo kwayo seli nyeupe za mgonjwa hutolewa, zikafundishwa maabara kuitambua protini ya MAGE-A4, kisha zikarudishwa mwilini. Ni kwa wagonjwa wa saratani adimu iitwayo sinovio sakoma, ambao wamekwisha kupata tiba nyingine. Kati ya wagonjwa 44 waliojaribiwa, uvimbe ulipungua kwa kiasi cha kuridhisha kwa takriban asilimia 43. Bei yake, lakini, ni zaidi ya dola 700,000 kwa mgonjwa mmoja, na hufaa tu kwa wenye alama fulani za kurithi katika seli zao. Alama hizo hutofautiana baina ya watu na watu, na hakuna bara lenye tofauti nyingi za urithi kuliko Afrika. Ni dhahiri, basi, kwamba tiba inayopimwa kwa damu ya Ulaya na Marekani pekee haitakuwa na uhakika wa kutufaa.

WAJIBU WETU

Afrika ya Mashariki si mgeni katika elimu hii. Ni mjini Kampala, mwaka 1958, Denis Burkitt alipoeleza saratani ya taya za watoto ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu. Uvimbe ulikuwa wa watoto wetu. Darubini ilikuwa ya wengine. Sisemi hayo kwa uchungu, kwani elimu ile ni ya walimwengu wote. Nasema ili tujiulize kama miaka sitini baadaye bado tunataka kuwa watoaji wa vipande tu.

Visiwa vyetu havianzii mikono mitupu. Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Ng'ambo ya bahari ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa. Kinachohitajika ni kupanda ngazi hatua kwa hatua, bila ya kuruka.

Hatua ya kwanza ni kipande cha uvimbe kupimwa mapema. Mtaalamu wa kusoma vipande hivyo na fundi wake wa maabara ni wa lazima kabla ya mashine yoyote ya fahari. Hatua ya pili ni daftari la saratani linaloandikwa kwa uaminifu, Unguja na Pemba, ili tujue nani anaugua nini na wapi; kupanga bila ya hesabu ni kusafiri usiku bila ya nyota. Hatua ya tatu ni mikataba ya sampuli: damu ya mwananchi ikivuka bahari kwa utafiti, iwe kwa ridhaa yake, na matokeo na mafunzo yarudi hapa. Hatua ya nne ni vijana wetu wa skuli za sayansi, ambao wakipata walimu na vifaa wanaweza kuoteshea jeni ndani ya bakteria kama wenzao wa kwengineko. Wakati huo kichupa kile kitakuwa na kazi katika maabara zetu wenyewe, na ndipo tutakapoagiza.

Na kwa wananchi nasema hivi: kabla ya kutoa senti moja kwa kitu kinachoitwa dawa ya saratani, muulizeni daktari, au ulizeni kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chakula kinachokwama kwa wiki mbili, uvimbe usiopungua, damu isiyo na sababu, hayo ni ya kupelekwa hospitali, si barazani.

Mvuvi wetu alirudi kesho yake kama tulivyoagana. Nilimweleza haya kwa ufupi, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa, Ndugu Katibu, mchango usimame?" Nikamwambia mchango usisimame, bali tubadilishe barua. Tuliandika kwamba zinatakiwa fedha za nauli ya kuvuka, za kipimo, na za chakula cha watakaomuuguza, nikatia mhuri. Sheha akawa wa kwanza kutoa.

Kipande kilichukuliwa, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya umio. Madaktari wamemwekea kijibomba, sasa anakunywa uji wake bila ya tabu, na ameanza mionzi. Hawakumwahidi zaidi ya wanayoyajua, naye ameridhika na ukweli huo. Mashua ya kaka yake haikuuzwa. Kila alfajiri inatoka, na chakula cha wale watoto wanne kinatoka humo.